Chumba cha vijana kisigeuzwe depo ya mpunga

(Maneno yaliyosemwa na watu wa tereni mbele ya memba wa chama, Banalia)



Tumeombwa kusema kidogo juu ya kazi ya maktaba. Tutasema wazi, juu kila mmoja hapa anajua nini iko mezani. Mfanyabiashara mmoja ameomba kukodi chumba kile kiwe depo ya mpunga. Feza yake ni nzuri, na atalipa kila mwezi. Kese ya chama iko karibu tupu, na magonjwa na matanga hayangoji. Kwa hiyo hatukuja kulaumu wale wanaotaka kukubali. Kura itapigwa katika mkutano unaokuja. Tumekuja kuonyesha nini inafanyika ndani ya chumba, ili yule atakayeinua mkono ajue anauza nini.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Tulipofungua, tulileta vitabu kutoka Kisangani ndani ya kantini mbili za bati, juu ya moto. Tukapanga mabenchi kwa mstari, na meza yetu mbele. Mlangoni tukabandika sheria: nyamaza, nawa mikono, usiguse bila ruhusa. Tukawaita vijana wa miaka 12 mpaka 18, Jumatano na Jumamosi, tukawahubiria faida ya kusoma, na amani, na usafi. Siku ya kwanza chumba kilijaa, juu walifikiri kutakuwa biskuti. Juma la pili walikuja nusu. Juma la ine walikuja vijana wane, na wawili kati yao walitumwa na mama zao. Sisi tukaandika katika ripoti kwamba "vijana hawana moyo wa kusoma." Ile haikuwa kweli. Msichana mmoja njo alituambia kweli yenyewe: "Asubui tuko ku masomo. Sasa mangaribi munatuita tena ku masomo?"

Kwa watoto wa wale waliorudi, neno lile ni zito zaidi. Munajua vile ilivyokuwa. Familia inakimbia, mtoto anapoteza miaka miwili, mitatu. Wanaporudi anawekwa darasa moja na wadogo zake. Ana miaka kumi na tano, anafuata mstari kwa kidole, na watoto wa miaka kumi wanamcheka. Ukimwonyesha mabenchi yale yale kwenye maktaba, unamwonyesha haya ile ile mara ya pili. Anaona heri aende kwenye machimbo ya zahabu, kule hakuna anayemwuliza yuko darasa gani.

Kilichotufungua macho ni rafu moja iliyovunjika. Hatukuwa na feza ya kuita seremala. Vijana wawili waliokuwa wanapita waliona vitabu chini, wakaomba nyundo. Wakatengeneza. Kesho yake walirudi na wenzao, wakauliza kama hakuna kitu kingine cha kutengeneza. Kilikuwako, tena mingi.

Hatukuvumbua jambo hili sisi. Wengine kati yenu mulikuwa wakimbizi, na mutakumbuka makambi ya Burundi. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilianza kupeleka huko maktaba za kuhamishika zinazoitwa Ideas Box, na makambi ya kwanza kuzipokea yalikuwa ya wakimbizi wa Kongo, kama Kavumu na Bwagiriza. Ni masanduku ya rangi mbalimbali ambayo yanafunguliwa na kuwa meza, viti na rafu, kwa dakika karibu ishirini tu. Ndani muna vitabu, lakini pia muna kompyuta, kamera, sinema, michezo, na vifaa vya kuchora na kucheza tamthilia. Wazo lilitoka Haiti, baada ya tetemeko la nchi la 2010. Waliona kwamba mtu aliyepoteza nyumba anahitaji chakula na dawa, kweli, lakini siku zake ni ndefu, na akili yake pia inataka kazi.

Sisi hatuna sanduku kama lile, na hatuliombi leo. Tuko na kantini mbili, meza moja ya kazi, na nyundo iliyokopwa kwa mzee jirani. Lakini tulishika wazo: mikono ianze, kitabu kifuate.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza, vijana wenyewe wanachagua kazi. Tunaweka makopo matatu, kila mmoja anatia jiwe katika kopo la kazi anayotaka. Wamechagua kutengeneza lori za bati na raba, kufungua radio zilizokufa na kuona nini kiko ndani, kuchora ramani ya Banalia kutoka kivuko cha Aruwimi mpaka mwisho wa kartye, na kushona vitabu vidogo kwa uzi wa rafia. Pili, kazi imalizike siku moja ao mbili. Kijana aliyezoea kuona mambo yanakatika katikati anahitaji kwenda nyumbani na kitu kilichokwisha. Tatu, mtu mzima hatoi hotuba. Akijua kitu, akae chini na kukifanya, wao wataangalia. Ine, kitabu kiko mezani, pembeni ya kazi. Yule anayefungua radio atataka kujua waya ule unaenda wapi, na hapo njo atauliza kitabu. Hatumlazimishi.

Tutoe mfano mmoja. Vijana walichagua kuchonga lokole. Munaijua wote, ile ngoma ya gogo iliyotobolewa, yenye ufa juu na midomo miwili. Mzee mmoja wa hapa alikubali kuwafundisha. Aliwaonyesha kwamba ukuta wa upande mmoja unachongwa mwembamba kuliko wa pili, ndiyo sababu mdomo mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine ya chini. Lugha zetu nyingi za hapa zinatofautisha maneno kwa sauti ya juu na ya chini, na lokole inabeba sauti zile. Lakini maneno mingi yana sauti moja, kwa hiyo mpiga ngoma hasemi neno fupi. Analiongezea sentensi ndefu, ili anayesikia mbali asikosee. Misionere John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikachapwa London mwaka 1949. Vijana walishangaa sana kusikia kwamba ngoma ya babu zao iko ndani ya kitabu cha Wazungu. Wakauliza: "Sasa sisi, juu ya nini hatuandike yetu?" Wakaandika. Kila ujumbe waliopewa na mzee waliuweka kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kijitabu kile njo kinachoazimwa kuliko vyote katika maktaba, na kimeshonwa upya mara mbili.

Katika kundi lile kulikuwa kijana ambaye jina lake hatulitaji. Wote munakumbuka Septemba 2021, wakati wizara ilipotangaza meningiti hapa Banalia, ile homa ya uti wa mgongo. Wengi tuliwazika. Wengine walipona, lakini ugonjwa ule unaweza kuondoka na masikio ya mtu. Yeye alipona bila masikio. Kwenye masomo alikaa nyuma, akaangalia mdomo wa mwalimu, kisha akaacha. Nyumbani walimpa kazi ya kuchota maji, basi.

Alikuja kwenye lokole juu aliona watu wanachonga. Tulikuwa na hofu: kiziwi na ngoma, tunamdhihaki? Mzee hakuwa na hofu. Alishika kiganja chake, akakiweka juu ya gogo, akapiga mdomo huu, akapiga ule. Kijana akatingisha kichwa: amesikia tofauti kwa mkono. Kutoka siku ile yeye njo alikuwa anapima unene wa ukuta. Wenzake wanachonga, yeye anaweka kiganja na kuonyesha kwa kidole: ondoa hapa kidogo. Ilipokwisha, mzee alisema ngoma ile inasema sawasawa.

Hatutadanganya kwamba sasa anasoma kama mwalimu. Lakini picha zote za kijitabu ni zake, na chini ya kila picha ameandika jina la kifaa, yeye mwenyewe. Wenzake wametunga ishara za mikono ili wazungumze naye, na sisi wakubwa tunajifunza kwao, polepole.

Mambo yaliyotushinda pia tuyaseme. Kijana mmoja alijikata kidole, na hatukuwa na dawa ya kidonda pale, sasa iko. Vitabu kadhaa vilipotea. Vijana watatu waliotupendeza sana walienda machimboni, na ni mmoja tu amerudi. Chumba hakishindi njaa, na kijana ambaye nyumbani hawapiki kila siku, hatuwezi kumwambia usiende.

Kosa kubwa lilikuwa juu ya wasichana. Kwa muda mrefu walikuwa wachache, tukasema hawapendi kazi ya nyundo. Kumbe saa tisa ni saa ya kuchota maji na kuuza sokoni. Tulipoongeza Siku ya Mungu, baada ya ibada, walikuja. Na nyundo wanaishika vizuri. Mama mmoja aliyekaa hapa mbele alikuja kutugombeza kwamba binti yake anapoteza wakati. Akaona binti anaunganisha waya wa taa. Akaketi, akauliza na yeye.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga. Chumba kile ni cha wote. Tulipokwenda kuomba kiwanja, wenyeji ambao hawakukimbia walituuliza: "Kwa nini misaada ni ya wale waliorudi tu?" Tukawaambia mlango utakuwa wazi kwa kila mtoto. Leo watoto wao na wetu wanagombania nyundo moja, na kugombania nyundo ni afadhali kuliko yale tuliyoyaona. Tukifunga, tumevunja neno letu mbele yao.

Feza, sasa. Wenyeji wa chama wana haki kuuliza. Tunapendekeza hivi: pano ya sola iliyo juu ya paa, siku za soko itumike kuchaji telefone za watu kwa malipo, na malipo yale yaingie katika kese, si kwetu. Vijana wenyewe wamekubali kusimamia, wawili wawili, na daftari. Haitafikia feza ya mpunga. Tunajua. Lakini mpunga unaweza kupata depo kwingine kando ya barabara. Vijana hawa hatujui watapata wapi.

Kwa ninyi wafadhili: musitutumie kantini ya tatu ya vitabu mulivyochoka navyo. Tutumieni misumari, nyuzi, gundi, misumeno midogo, betri, na vitabu vichache vyenye picha na maelezo ya kutengeneza vitu. Mmoja wenu alituambia zamani kwamba hakuna feza ya kuchezesha watoto. Tunamwalika aje Jumamosi akae nasi, halafu aseme tena.

Kwa ninyi wazee wenye ufundi, wa mitumbwi, wa nyavu, wa vyungu, wa kushona: tunaomba saa mbili kwa mwezi. Hatuombi mufundishe. Mufanye kazi yenu pale, mbele yao.

Na kwa memba wote: kabla ya kura, piteni pale Jumamosi saa tisa. Msigonge mlango, hawatasikia kwa kelele. Ingieni tu.