Korona Ilikuja, TB Haikuondoka
(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia)



Leo tunaanza kwa kukiri kosa. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, sisi wahudumu wa jamii tulipita kwenu tukisema: nawa mikono, vaa barakoa, ukikohoa kaa nyumbani. Ilikuwa kweli. Lakini tulisahau neno moja: kikohozi kikifika majuma mawili, nenda ukapimwe TB.

Mama mmoja wa kikundi alitusikiliza. Alijifungia ndani, maana majirani walishaanza kumnyooshea kidole. Kikohozi kikaingia mwezi wa tatu. Alipopelekwa hospitali alipatikana na TB, na mjukuu aliyelala naye pia. Walipona, tunashukuru. Lakini ile miezi tuliipoteza sisi.

Na si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka wa 2019 wagonjwa wapya wa TB walioandikishwa duniani walikuwa milioni 7.1. Mwaka wa 2020 wakashuka hadi milioni 5.8. Je, TB ilipungua? Hapana! Watu hawakupimwa, na vifo vikaongezeka.

Magonjwa haya yanafanana. Yote hupitia hewani, yote huleta kikohozi na homa. Lakini korona huja mbio, TB hunyemelea: jasho la usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, pengine damu kwenye makohozi. Tena kipimo cha korona hakionyeshi TB. Ukiambiwa huna korona na bado unakohoa, uliza: "Na makohozi yangu, je?"

Ugonjwa mwingine wa kifua unaweza kuja kesho. Basi tukubaliane hivi:

1. Kila mkutano, kabla ya kuchanga pesa, tuulizane: nyumbani kwako nani anakohoa?

2. Mwenye kikohozi asindikizwe kituo cha afya, asitumwe peke yake. Katika vituo vya serikali, kupimwa TB na dawa zake ni bure. Watoto wa nyumba hiyo waangaliwe pia.

3. Dawa kwa kawaida humezwa miezi sita. Mgonjwa akipata nafuu mwezi wa pili, asiache. Kikundi kimchagulie mtu wa kumkumbusha, na unga ukiisha kwake tusingoje aombe.

4. Tufungue madirisha, hata wakati wa baridi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yule mama hakuficha. Ni sisi hatukuuliza. Safari hii, tuulize.