Somo la Afya: Sindano Inayovuta

Leo tuzungumze juu ya sindano. Siyo ile inayotia dawa mwilini, bali ile inayotoa.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alitoka Mvumi akiwa na uvimbe shingoni. Daktari alimchoma sindano, akavuta. Baadaye tukaambiwa: imekuja damu tupu, mrudisheni. Shangazi akasema, "Wamenichoma bure, sirudi." Tulimbembeleza miezi miwili. Aliporudi ikaonekana ni kifua kikuu cha tezi, ugonjwa wenye dawa.

Kwa nini ilikuja damu tupu? Ninyi wa Bihawana na Hombolo mnaolima zabibu mtanielewa upesi. Mtu anayehamisha divai kutoka pipani kwa mpira hunyonya kwanza. Akinyonya taratibu, divai hupanda safi. Akivuta kwa pupa, mashapo huja nayo. Basi hata mwilini, mvuto mkali waweza kuleta damu nyingi, nayo damu huzificha chembe ambazo mtaalamu anazitafuta kwa darubini.

Uvimbe wa shingoni unashikika kwa mkono. Lakini kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Mgonjwa anakonda, macho yanageuka manjano, na kwa nje huoni kitu. Kwa ugonjwa kama huo madaktari hutumia mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Kwenye ncha yake mna kamera na chombo cha mawimbi ya sauti, kama kile wanachopimiwa wajawazito. Daktari akiuona uvimbe, hupitisha sindano katika ukuta wa tumbo na kuuchoma. Unene wa sindano hiyo mara nyingi haufiki hata milimita moja. Mwaka 1992 Peter Vilmann wa Denmark na wenzake waliandika habari za kuchoma kongosho kwa njia hii.

Sasa, avuteje? Njia ya kwanza ni bomba la sindano, mara nyingi la mililita 10, ambalo hunyonya hewa. Njia ya pili ni ya upole: ndani ya sindano mna waya, nao huondolewa polepole huku sindano ikienda mbele na nyuma. Waya ukitoka, huacha mvuto mdogo tu. Ya tatu ni kuijaza sindano maji ya chumvi kabla ya kuchoma. Mnaijua pampu ya kisima isiyopandisha maji mpaka uimwagie maji kwanza? Ni jambo la namna hiyo. Katika majaribio kadhaa njia hii ilileta chembe nyingi zaidi. Hata hivyo hakuna njia iliyoshinda zote. Uvimbe wenye damu nyingi huhitaji upole, na ulio mgumu huenda ukataka nguvu.

Wapo wanaosema sindano hutawanya saratani. Jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Mimi naogopa zaidi kuchelewa.

Ukiandikiwa kipimo hiki, usile wala kunywa kwa muda utakaoambiwa. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema. Usiiache kwa shauri lako. Na ukiambiwa chembe hazikutosha, uliza utarudi siku gani, uiandike tarehe hiyo.

Maneno ya kuandika daftarini: kongosho, darubini, chembe, mvuto, mashapo.