KUCHAGUA KAMSHAFTI: USINUNUE KISHINDO
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ukunda)



Wengi wenu wenye motokaa ndogo za zamani, mnaochukua abiria na samaki kati ya Msambweni na Likoni, mmeniuliza: tukitia kamshafti kali, je, gari litapata nguvu? Jibu langu ni hili: litapata, lakini pengine si pale unapozihitaji.

Kamshafti ni ule mtaimbo wenye nundu unaofungua valvu. Nundu ikiwa pana, valvu hukaa wazi muda mrefu. Injini ikienda mbio hupata hewa nyingi. Ikienda polepole, hewa hurudi nyuma na nguvu hupotea.

Sisi watu wa reli jambo hili si geni kwetu. Dereva wa Garratt za namba 59, kama Mount Gelai iliyomo katika makumbusho ya reli Nairobi, aliweza kubadili kazi ya valvu njiani. Akiondoka stesheni aliacha mvuke uingie kwa muda mrefu. Akisha kushika mwendo, aliufupisha. Lakini katika gari kama Datsun 1200 hakuna mkono wa kubadili. Ukisha kuifunga kamshafti, umechagua.

Mimi mwenyewe nilikosa. Nilikopa fedha nikanunua kamshafti ya mashindano. Kwenye foleni ya feri, Likoni, injini ilitetemeka na kuzimika. Tulipoteremka kwenye feri, kanyagio la breki likawa gumu kama jiwe. Busta ya breki hutegemea mvuto wa hewa ya injini, na kamshafti ile iliupunguza mvuto huo. Nilivuta breki ya mkono, gari likasimama. Mke wangu na mtoto walikuwa ndani.

Basi, ndugu zangu, shikeni haya:

1. Kwanza rekebisha valvu, kabureta na plagi, na upime kompresheni. Injini iliyochoka haiponywi na kamshafti.

2. Fikiri kazi yako. Kupanda kutoka Kombani hadi Kwale na mzigo kwataka nguvu kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,500 kwa dakika. Ukiambiwa kamshafti hii huamka kwenye 4,000, iache. Chukua iliyo karibu na ile ya kiwandani.

3. Kamshafti mpya na tapeti mpya. Springi za valvu zipimwe.

4. Kabla ya kupiga stata, fundi aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ahakikishe valvu hazigongi pistoni.

5. Nundu zipakwe mafuta yake mazito. Ikisha kuwaka, iende kama mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Ukiiacha ingurume polepole siku hiyo ya kwanza, nundu zitalika.

6. Jaribu breki uwanjani, injini ikinguruma polepole, kabla ya kupakia mtu.

Fedha yetu ni jasho letu, na abiria ni watoto wa wenzetu. Asiyejua na aulize kabla ya kununua. Mimi sikuuliza.