Makala Katika Udongo
Maneno ya moniteri kwa wakulima



Sikuja kuwafundisha kushika jembe. Ninyi mlilima kabla mimi sijazaliwa. Nimekuja kusema juu ya kitu kimoja: udongo wetu mwekundu unachoka, na mabua tunayoyachoma bure kila mwaka yangeweza kuusaidia.

Mnajua mahali watu wanapofukia miti kuchoma makala. Wakiisha kuondoka, mahindi yanayoota pale ni marefu kuliko mengine. Twasema, ni majivu. Kweli, majivu yanasaidia, lakini mvua inayachukua upesi. Makala yanabaki. Huko Brazili, karibu na mto Amazone, wenyeji wa zamani walitupa pamoja makala, mifupa, vyungu vilivyovunjika na takataka za jikoni. Miaka zaidi ya 500 imepita, na udongo ule ungali mweusi, tena unazaa kuliko udongo ulio kando yake.

Kwa nini? Katika kijiko kidogo cha udongo mzuri mna vidudu milioni nyingi, ambao jicho haliwezi kuwaona. Hao ndio wapishi wa shamba. Mmea hauwezi kula jani lililoanguka. Vidudu wanalioza kwanza, ndipo mizizi inapata chakula. Wengine wanakaa katika vifundo vya mizizi ya maharagi na karanga, wanatwaa hewa na kuifanya chakula cha mmea. Wengine ni jamii ya uyoga, wembamba kama nyuzi. Wanafika mahali mzizi haufiki.

Sasa vunjeni kipande cha makala. Ndani mna vitundu vingi sana, vingine havionekani kwa macho. Maji yanakaa mle. Chakula kinashikwa mle, mvua isikichukue. Vidudu wanajificha mle, adui zao wasiwafikie. Tena makala yanapunguza ukali wa udongo, na vidudu wa maharagi hawapendi ukali.

Lakini nyumba bila chakula haina faida. Mara ya kwanza nilisaga makala mapya, nikayatia peke yake katika tuta la mahindi. Mahindi yakawa ya manjano. Mama mmoja akaniuliza mbele ya watu, «Mwalimu, umetia dawa ya kuua?» Nikaona haya sana. Kosa lilikuwa langu: makala yale yalikuwa na njaa, yakashika chakula cha mahindi. Basi fanyeni hivi:

1. Chimba shimo pana juu, jembamba chini, kina chake nusu metri.

2. Washa moto chini. Weka mabua, magunzi na vijiti vikavu kidogo kidogo. Vya juu vikianza kuwa vyeupe kwa majivu, ongeza vingine. Moto wa juu unazuia hewa, vya chini visiungue kabisa.

3. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Usipozima, utapata majivu tu.

4. Ponda makala. Changanya kitunga 1 cha makala na vitunga 2 vya mavi ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyooza. Nyunyiza maji, funika kwa majani ya ndizi, ngoja majuma 3.

5. Kwa kila metri 1 ya mraba, tia mchanganyiko wenye kilo 1 ya makala, ukaufukie mahali utakapopanda.

Angalieni: msikate hata mti mmoja kwa kazi hii. Anayemaliza pori apate makala ya shamba atapoteza mvua na udongo pamoja. Tena makala si badala ya mbolea. Kila mwaka udongo unataka chakula chake.

Mwaka 2017 wataalamu walilinganisha majaribio ya nchi nyingi. Katika nchi za joto mavuno yaliongezeka, kwa wastani, 25 kwa 100. Katika nchi za baridi hayakuongezeka. Udongo uliochoka na wenye ukali, kama wetu, ndio unaosaidiwa zaidi.

Lakini msisadiki kwa sababu moniteri amesema. Kila mtu afanye matuta mawili, moja lenye mbolea na makala, moja lenye mbolea tu. Siku ya kuvuna niiteni, tupime pamoja mbele ya watu wote, na yule mama awepo.