MAJI SAFI NI HAKI, SI HISANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya maji. Huenda wapo kati yenu waliokuja hapa wakitaraji kusikia khabari za kura na za Baraza, nao sasa wanajiuliza moyoni: Chama cha siasa kina haja gani na khabari za visima na vyoo? Jawabu yetu ni hii. Mama aamkaye saa nane za usiku kungojea mfereji utoe maji, na alfajiri ikamkuta hajajaza hata ndoo mbili, mama huyo amekwisha kuhukumiwa na siasa kabla hajatia karatasi yake katika sanduku la kura. Mtaa gani utiwe bomba na upi usitiwe, wapi uchimbwe mtaro wa maji machafu na wapi usichimbwe, fedha zitumike vipi na nani atoe hesabu yake: mambo hayo yote huamuliwa na watawala. Kwa hivyo ni juu yetu kuyazungumza.

Kwanza tutazame ardhi tunayoikalia. Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika mawe yetu ya matumbawe, yakashuka, yakakusanyika chini, nayo karibu na pwani hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito kuliko hayo. Tukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima huharibika. Tena mwamba ule ule unaopitisha mvua kwa wepesi hupitisha na uchafu kwa wepesi. Shimo la choo lililochimbwa karibu na kisima, yaliyomo ndani yake hayakai humo. Hushuka na kutafuta njia, na njia hiyo mara nyingi huishia katika ndoo ya jirani.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba katika visiwa hivi kisima na choo ni jambo moja. Mwenye kuleta bomba na akaziacha karo zivuje amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo haimwokoi mtoto mwenye kuharisha.

Wazee wetu waliyajua haya kwa msiba. Kipindupindu kiliipiga Unguja mwaka 1858 na 1859, kisha kikarudi mwishoni mwa 1869 kikitokea bara, kikifuata njia za misafara na za majahazi. Tabibu mmoja, James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa Unguja wakati ule, alifuatilia mapito ya maradhi hayo mji kwa mji na bandari kwa bandari, akayaandika katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1876. Maelfu ya watu walikufa katika mji wetu.

Mwaka 1870 Seyyid Barghash alishika utawala, akaendelea mpaka 1888, na katika zama zake maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mpaka mjini. Hapana mtu mwenye insafu atakayeukana wema ule. Walakini na tuseme lililo kweli: ile ilikuwa ni hisani ya mfalme. Hisani humtegemea anayeitoa. Akipenda hutoa, akikasirika huzuia, na akifa hapana ajuaye atakayekuja baada yake kama atakuwa na moyo ule ule. Raia hana sheria ya kuishika mkononi akasema, "Hii ni yangu, nipeni." Zama za wafalme zimepita, lakini tabia ya kupewa maji kama zawadi haijapita. Hata leo zipo pahala ambapo mfereji hufunguliwa kwa ngoma na hotuba, na watu hutakiwa wapige makofi na washukuru kwa kitu kilichonunuliwa kwa kodi zao wenyewe.

Tusidhani kwamba mataifa makubwa yalizaliwa yakiwa na maji safi. Hata London, mji ambao serikali yake ilivitia visiwa vyetu chini ya himaya mwaka 1890, ulikuwa ukinywa uchafu wake wenyewe katika miaka ile ile ambayo Unguja ilikuwa ikizika maiti wake. Kipindupindu cha 1853 na 1854 kiliua zaidi ya watu 10,000 wa London. Madaktari wakubwa na mabwana wa serikali waliamini kwamba maradhi yale huletwa na hewa chafu. Tabibu John Snow hakukubaliana nao. Katika mtaa wa Broad Street, ambako zaidi ya watu 600 walikufa mwaka 1854, alipita kuuliza wafiwa na akaandika katika ramani nyumba zilizokuwa na maiti, akaona kwamba zimeizunguka pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ile uling'olewa. Baadaye ikajulikana kwamba shimo la uchafu la nyumba iliyokuwa karibu lilikuwa likivujia katika kisima cha pampu. Mnaona, ndugu zangu: kisima na choo.

Je, serikali ya London ilifanya nini baada ya kuonyeshwa haya? Ilisita. Miaka minne ikapita. Ndipo lilipokuja joto la mwaka 1858, na mto Thames, uliokuwa ukipokea uchafu wa mji mzima, ukatoa uvundo hata ndani ya nyumba ya Bunge iliyo ukingoni mwake. Mapazia yakachovywa katika dawa ya chokaa, na bado waheshimiwa hawakuweza kukaa. Katika majuma machache tu sheria ikapitishwa, fedha zikapatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini ya kuondoa maji machafu.

Maiti 10,000 hawakulitikisa Bunge, lakini uvundo ulipofika puani mwa wabunge, mambo yalikwenda. Tena lisikieni la mwisho. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London, kikaua zaidi ya watu 5,000, na wengi wao walikuwa katika mitaa ya mashariki ya mji, mitaa ya mafukara, ambako kazi ya mifereji ilikuwa haijamalizika na kampuni ya maji ilikuwa ikiwauzia watu maji yasiyochujwa. Waliokuwa wa mwisho kufikiwa na bomba ndio waliokuwa wa mwisho kufa kwa kipindupindu. Mpaka hii leo hesabu ya ulimwengu ni hiyo hiyo.

Na hesabu yenyewe ni hii. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mwaka 2024 watu bilioni 2.1 walikuwa hawana maji ya kunywa yaliyo salama majumbani mwao. Watu bilioni 3.4 walikuwa hawana vyoo vilivyo salama, na kati yao milioni 354 walikuwa wakijisaidia vichakani, mitaroni na ufukweni. Watu bilioni 1.7 walikuwa hawana majumbani mwao pahala penye maji na sabuni pa kunawia mikono. Na pale ambapo hapana maji nyumbani, katika kila nyumba 10 za namna hiyo, 7 huwaachia wanawake na wasichana kazi ya kuyateka. Msichana mwenye dumu kichwani saa za skuli hayumo darasani, na hilo halihitaji kuelezwa katika mkutano huu.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio lililoletwa na Bolivia, la kutambua kwamba maji safi ya kunywa na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Mataifa 122 yalikubali. Hapana hata moja lililokataa. Mataifa 41 yalijizuia, na kati yao zilikuwamo Uingereza na Marekani, na pamoja nazo ilikuwamo Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Baadhi ya waliojizuia walitoa udhuru kwamba jambo hilo lilikuwa likizungumzwa bado huko Geneva. Na ni kweli kwamba mwezi wa Septemba mwaka huo Baraza la Haki za Binadamu liliikubali haki hiyo bila ya kupingwa. Lakini sisi twauliza: wananchi wa visiwa hivi, ambao tangu Aprili 1964 hawana kiti chao wenyewe katika Umoja wa Mataifa, waliulizwa lini kama wanataka kujizuia katika jambo la maji? Nani alikwenda kwa mama mwenye ndoo akamwuliza?

Wala azimio peke yake halitoshi. Mwaka ule ule wa 2010, mwezi wa Oktoba, kipindupindu kilizuka Haiti, nchi ya kisiwani kama yetu, kwa uchafu uliotoka katika kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa wenyewe na kuingia katika mto ambao wanavijiji walikuwa wakiunywa. Karibu watu 10,000 walikufa. Ilikuwa Disemba 2016 ndipo Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba radhi watu wa Haiti. Julai waliandika kwamba maji safi ni haki, na Oktoba choo chao kikauharibu mto. Karatasi nzuri bila ya msimamizi haizuii karo kuvuja.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa huko Chumbuni, Unguja, na huko Mtambwe, Pemba, na wataalamu walithibitisha kwamba iliwalinda watu. Twaishukuru kazi hiyo. Lakini chanjo hulinda kwa muda, na muda ukisha hubaki maji yale yale. Mlipuko ulioanza Tanzania Bara mwezi wa Agosti 2015 haukuchelewa kuvuka bahari na kufika kwetu. Baada ya hapo Serikali ilitunga mpango wa kutokomeza kipindupindu katika Zanzibar, wa mwaka 2018 mpaka 2027. Vile vile ulichukuliwa mkopo wa dola milioni 92 kutoka Benki ya Exim ya India kwa ajili ya maji ya Zanzibar. Mkopo ni deni, na deni la Serikali hulipwa na watoto wetu. Hatusemi kwamba fedha zimeliwa. Mwenye kusema neno kama hilo bila ya ushahidi huivunjia heshima hoja yake. Twasema tu kwamba mwenye kulipa deni ana haki ya kuonyeshwa alichonunua.

Basi madai yetu ni manne, nayo tungependa kila mwanachama ayahifadhi.

La kwanza, maji ya kila kisima cha umma na ya kila mfereji yapimwe kwa nyakati zinazojulikana, na matokeo yabandikwe katika ofisi ya sheha, yaandikwe kwa Kiswahili, kila mtu ayasome.

La pili, hesabu ya mikopo ya maji na ya mpango wa kutokomeza kipindupindu isomwe hadharani: shehia zipi zimefikiwa, zipi bado, na lini zitafikiwa.

La tatu, kila fedha ya bomba ifuatane na fedha ya vyoo na mitaro ya maji machafu. Tumekwisha kueleza sababu.

La nne, skuli na vituo vya afya vitangulie. Mzazi aliyekwenda kujifungua asiambiwe aje na maji yake.

Na sisi wenyewe, je? Chama kinachodai haki na kikasahau wajibu hakistahiki kusikilizwa. Mwanachama wetu asichimbe choo juu ya kisima cha jirani. Asijiungie bomba kwa wizi usiku, kwani maji anayoyaiba huyaiba kwa jirani yake, na bomba linalotobolewa hunyonya uchafu. Achemshe maji anayoyatilia shaka. Vijana wetu wasafishe mitaro kabla ya masika, nao wasingoje mwaka wa uchaguzi. Dini yetu imeifunga sala kwa tohara na tohara kwa maji; itakuwa ni aibu kwetu kuwa wepesi wa kutawadha na wazito wa kulinda kisima.

Wako watakaotuambia, "Subirini, maji yatakuja." Watu wa mashariki ya London waliambiwa wasubiri, nao walikufa wakisubiri. Sisi hatutaki kuvunja kitu wala kumtukana mtu. Twataka kuuliza, na kuuliza tena, kwa adabu na kwa maandishi, mbele ya sheha, mbele ya mwakilishi na katika kila mkutano wa hadhara, mpaka uvundo wa mitaa yetu uwafikie wanaokaa penye mapazia.

Basi kila mmoja wenu akitoka hapa na ahesabu katika mtaa wake: visima vingapi, vyoo vingapi, mifereji mingapi inayotoa maji na mingapi iliyokauka. Aziandike hesabu hizo na amletee katibu wa tawi. Mwenye hesabu mkononi hajibiwi kwa ngoma.

Mwenyezi Mungu atupe mvua ya kheri, na atupe akili ya kuyalinda maji yake.