Vijana Waijue Ardhi Yao
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika)



Mmeuliza kwa nini vijana wa kipaimara watembee milimani na simu. Mchezo huu, jiokachingi, ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya huko kuruhusu raia kupata vipimo sahihi zaidi vya GPS. Dave Ulmer alificha ndoo yenye daftari na zawadi ndogo, akatangaza mahali ilipo. Aliyeipata aliandika jina lake; akichukua kitu, aliacha kingine.

Tangu 2004 ipo aina ya mafunzo, EarthCache. Hapo hakifichwi kitu. Mtembezi hufika kwenye mwamba, chemchemi au korongo, huchunguza, kisha hujibu maswali kuhusu ardhi ile. Hii ndiyo tunayoipendekeza.

Kamati, ombeni kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, na kila kundi liongozwe na mtu mzima anayeijua njia. Wafadhili wetu, tunaomba nauli na maji ya kunywa tu.

Makorongo yanakula mashamba. Kijana anayeelewa yanavyochimbika hatasubiri kusukumwa siku ya kupanda miti.