Mapumziko ya Familia Bila Deni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wazazi msikitini, Dar es Salaam)





Mada niliyopewa kuizungumzia leo ni mapumziko ya familia: jinsi gani mtu wa kipato cha kawaida anavyoweza kumchukua mkewe na watoto wake, akatoka nao nyumbani kwa siku chache, wakafurahi, na wakarudi bila deni. Najua wapo watakaojiuliza moyoni, je, hili nalo ni jambo la kuhutubiwa msikitini? Nawaomba wanisikilize mpaka mwisho ndipo watoe hukumu.

Ndugu zangu, kwanza nianze na kosa langu mwenyewe. Binti yangu wa kwanza ameshaolewa. Siku alipokuwa akiondoka kwenda kwa mumewe nilikaa nikajaribu kukumbuka ni siku zipi nilizopata kusafiri naye, nikiacha misiba na harusi. Sikuikumbuka hata moja. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akiniuliza, "Baba, likizo hii tutakwenda wapi?" nami nikimjibu, "Mwakani, Inshallah." Nililitumia jina la Mwenyezi Mungu kufunika uvivu wangu wa kupanga. Miaka ikapita, naye akaacha kuuliza. Mimi nikadhani ameridhika, kumbe amekata tamaa.

Mapumziko si anasa

Wengi wetu tunaamini kwamba mapumziko ni mambo ya matajiri na ya wageni wanaotoka Ulaya. Imani hii si sahihi. Kurani Tukufu inawahimiza watu zaidi ya mara moja kutembea katika ardhi na kutazama. Sheria yetu imempunguzia msafiri sala za rakaa nne zikawa mbili, wala haikubagua kati ya mwenye mali na asiye nayo. Na tunasoma katika maisha ya Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba akiwa safarini alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha r.a., naye Bibi Aisha akamshinda. Kisha wakati mwingine wakashindana tena, Mtume s.a.w. akashinda yeye. Basi jiulize, ewe ndugu yangu: aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kukimbia mbio na mkewe. Wewe ni kazi gani hiyo iliyokuzuia?

Mtoto hahesabu fedha ulizotumia. Anahesabu saa ulizokuwa naye bila simu sikioni na bila hasira usoni.

Hatari ya kukopa

Baada ya binti yangu kuolewa niliona haya, nikataka kurekebisha mambo kwa haraka. Kwa kuwa sikuwa nimeweka akiba, nilikopa shilingi 800,000 kwa rafiki yangu, nikaichukua familia kwenda kulala siku mbili katika hoteli ya ufukweni wakati wa sikukuu, siku ambazo kila kitu kimepanda bei. Kusema kweli, sehemu kubwa ya nia yangu ilikuwa majirani wajue kwamba nasi tumekwenda. Siku zote mbili nilikuwa nikipiga hesabu. Mtoto akiomba soda namkemea. Mke wangu akiniuliza jambo namjibu kwa mkato. Tuliporudi, Januari ikatukuta mikono mitupu, na mwanangu mmoja akaanza mwaka wa masomo na sare ya zamani iliyombana. Deni lile nililimaliza baada ya miezi minane.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kanuni ya kwanza ni hii: safari isiyo na fedha yake mkononi, iahirishwe. Lakini iahirishwe kwa kuanza kuweka akiba siku hiyo hiyo, si kwa neno "mwakani" lisilo na maana.

Kupanga kwa mashauriano

Mwaka uliofuata tuliketi wote baada ya sala ya Isha, mimi, mama yao na watoto wanne waliobaki nyumbani, ambao leo wana umri wa miaka 15, 11, 8 na 3. Nikawaeleza wazi kipato chetu kilivyo. Tukanunua kibubu, tukakubaliana kila Ijumaa kitumbukizwe shilingi 10,000. Watoto wenyewe wakapendekeza tupunguze soda za mwisho wa wiki, nami nikapunguza vikao vyangu vya kahawa na nyama choma. Kwa wiki 52 tukapata shilingi 520,000.

Mashauriano haya yana faida mbili. Kwanza, mtoto anayejua fedha imepatikanaje haombi kila anachokiona njiani. Pili, furaha ya safari huanza siku ya kupanga. Sisi tuliifurahia safari yetu mwaka mzima kabla ya kuondoka.

Kwa wale ambao hata shilingi 10,000 kwa wiki ni nzito, waanze na safari ya siku moja. Kutoka hapa Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni takriban kilometa 70, na basi linatosha. Karibu na mji huo yapo magofu ya Kaole. Hapo upo msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wameukadiria kuwa wa karne ya 13, yapo makaburi yenye nguzo, na upo mbuyu mkubwa wa miaka mingi. Mtoto wa Kiislamu atakayesimama mbele ya kibla cha msikiti ule atajua kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakisali hapa kabla ya ukoloni kwa karne nyingi. Kaangeni maandazi usiku, chukueni chupa ya chai, maji na mkeka. Asubuhi nendeni Kaole, mchana mle na kusali mjini, alasiri mkatembee ufukweni, na jioni mrudi. Ila watoto wasiachwe peke yao karibu na maji hata dakika moja.

Hesabu ya safari yetu

Sisi tulichagua Morogoro, tukaenda Juni mwaka 2025. Tulichagua mwezi huo kwa sababu shule zimefungwa, mvua za masika zimekwisha na njia za milimani hazitelezi tena. Aidha, tulisafiri Jumatatu na kurudi Alhamisi, tukakwepa msongamano wa mwisho wa wiki.

Tulikwenda kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka 4 hatozwi. Kwa hiyo mimi, mama na kijana wa miaka 15 tulilipa shilingi 39,000, na watoto wawili shilingi 13,000. Jumla ni 52,000 kwenda, na 104,000 kwenda na kurudi. Atakayeifuata njia hii aulize kwanza nauli ya siku hiyo, akate tiketi mapema, na asisahau kitambulisho.

Nyumba ya wageni ya kawaida, vyumba viwili kwa usiku tatu, tulilipa shilingi 150,000. Tuliomba kwanza kuviona vyumba, vyoo na maji yake, ndipo tukalipa. Chakula tulikitengea shilingi 35,000 kwa siku, yaani 140,000 kwa siku nne. Daladala na ujira wa kijana mwenyeji aliyetuongoza mlimani tuliviwekea 50,000. Na 50,000 nyingine nilimkabidhi mke wangu iwe ya dharura, isiguswe. Jumla ya yote ni shilingi 494,000. Hatukuigusa ile ya dharura. Ilirudi kibubuni pamoja na baki ya 26,000, na safari ya pili ikaanza na shilingi 76,000.

Na tulifanya nini huko? Hatukufanya mambo makubwa. Siku moja tulipanda polepole kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, tukaona mashamba ya mboga yaliyokatwa kama ngazi na vijito vya maji baridi. Nikawaambia watoto kwamba maji ya milima hii ndiyo huingia mto Ruvu, na mto Ruvu ndio tunaounywa Dar es Salaam. Yule wa miaka minane akainama, akatia mkono katika maji, akasema, "Kwa hiyo haya yatafika nyumbani kabla yetu?" Adhuhuri ikatukuta huko huko. Tukatawadha kijitoni, tukasali kwa kupunguza, mwanangu wa miaka 15 akiadhini. Siku nyingine tulizunguka sokoni tukala ndizi na machungwa. Siku ya tatu hatukufanya chochote. Tulilala mchana, tukasimuliana hadithi.

Mtaona kwamba kilichogharimu ni nauli, malazi na chakula. Furaha yenyewe haikuuzwa popote.

Mama naye apumzike

Hapa naomba ndugu zangu wanaume mnisikilize vizuri. Ziko safari ambazo baba na watoto hupumzika, lakini mama amehamisha jiko tu kutoka mji mmoja hadi mwingine. Anaamka alfajiri kupika, anafua, anapakia mizigo, anabembeleza mtoto. Huyo hakupumzika, bali amefanya kazi ugenini. Tumepokea kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akiwasaidia wakeze kazi za nyumbani. Basi angalau safarini tufuate mwendo huo. Sisi tulipanga zamu: kifungua kinywa juu yangu, vyombo juu ya kijana mkubwa, na mdogo abebwe na baba. Nakiri mbele yenu kwamba siku ya kwanza niliunguza chapati zote, na katika safari nzima hakuna kilichowachekesha watoto kuliko hicho.

Adabu ya kufikia kwa jamaa

Wapo watakaopunguza gharama kwa kufikia kwa ndugu, na hilo ni jema, kwani huunga pia udugu. Lakini tulichunge. Haki ya mgeni kukirimiwa katika mafundisho yetu ni siku tatu, na wahenga nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi mtaarifu mwenyeji mapema, mwambie siku ya kufika na ya kuondoka, na usibadili. Usiende mikono mitupu; mchele, mafuta na sukari ni zawadi ya heshima. Watoto wafunzwe kutandika walipolala. Na ukiona mwenyeji hali yake ni dhiki, msalimie, kaa naye saa chache, kisha ukalale kwingine. Akiba yako isijengwe juu ya deni la mwenyeji dukani.

Mwisho

Ndugu zangu waheshimiwa, kwa muhtasari nimesema haya: tukae na familia zetu tukapange pamoja, tuweke akiba kidogo kidogo, tusikope wala tusishindane na majirani, tuchague mahali pa karibu na majira yanayofaa, tumpumzishe mama, na tuwachunge wenyeji wetu. Aliye na cha mwaka mzima aende siku nne. Aliye na cha mwezi mmoja aende siku moja. Asiye na chochote kabisa awachukue watoto wake alasiri ya Jumapili, akatembee nao kwa miguu mpaka ufukweni, na simu aiache nyumbani. Hata hiyo ni safari.

Wiki moja baada ya kurudi Morogoro, yule binti yangu mkubwa alikuja kutusalimia akiwa na mtoto wake mgongoni. Wadogo zake wakamzunguka, kila mmoja akimsimulia: treni, mlima, maji baridi, chapati zilizoungua. Alisikiliza, akacheka pamoja nao. Walipokwisha akanigeukia akasema taratibu, "Baba, hata mimi ningependa kuuona mlima huo." Sikuwa na jibu. Nilinyanyuka nikakileta kibubu, nikakiweka mbele yake. Sasa kila Ijumaa yeye na mumewe nao hutumbukiza chao, na safari ijayo, Mwenyezi Mungu akituweka hai, tutakuwa watu tisa.

Mimi nilipewa nafasi ya pili. Si kila mzazi huipata. Watoto wanakua tukiwa tunasema "mwakani". Namwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na moyo wa kukaa na wale aliotukabidhi, na leo tutakaporudi nyumbani, kila mmoja wetu aketi na watu wake baada ya Isha na kuwauliza wangependa kwenda wapi. Amin.